Muulize Shangazi wa Biashara: Hiyo bei unamficha nani?

Barua za mwezi huu karibu zote zimebeba lalamiko moja: "Shangazi, naposti kila siku lakini siuzi." Nimechagua zile zinazowagusa wengi. Waliotuma anwani za kurasa zao nimeingia nikazipekua kabla ya kujibu, asije mtu akasema nimemsema hewani. Majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

Shikamoo shangazi. Nauza mikoba na viatu vya kike vya mtumba hapa Mwanza. Instagram nina wafuasi zaidi ya 11,000, lakini posti ikijitahidi inapata like 14 au 20, na wiki inaweza kwisha sijauza hata mkoba mmoja. Kuna kijana anasema kwa 30,000 ataniongezea wafuasi wengine 5,000. Nimpe? – Muuza Mikoba, Mwanza

Marahaba mwanangu. Usimpe. Na hao 11,000, tuambiane ukweli, wangapi walikuja kwa miguu yao? Nimeshuka kwenye orodha nikakuta akaunti zisizo na picha, majina ya herufi na tarakimu zilizobandikwa ovyo, nyingine zimeandikwa kwa lugha ambayo soko zima la Kirumba hakuna wa kuisoma. Hao hawabebi mkoba. Na hasara yao haiishii kwenye kutonunua. Instagram huangalia watu wanaipokeaje posti yako: wanasimama, wanakomenti, wanamtumia mwenzao, au wanapita tu. Ukijaza ukurasa watu wasiokuwepo, kila unachoweka kinaonekana kimepuuzwa na maelfu, nacho kinasukumwa pembeni. Umelipa hela ili usionekane.

Lakini wafuasi siyo tatizo lako kubwa. Tatizo nimelikuta kwenye ile posti ya mkoba wa kahawia wenye mkanda mrefu. Picha ni nzuri, umeipiga mlangoni mchana, ngozi inaonekana vizuri. Chini yake umeandika "Mzigo mpya umeingia, wahi mapema" ukamwaga na emoji saba za moto. Komenti ya kwanza: "Bei?" Umejibu: "Njoo DM," yaani akuandikie faraghani. Ya pili: "Bei gani dear?" Umejibu: "DM." Wa tatu ameuliza, "Mpo wapi?" Huyo hukumjibu kabisa. Ya nne ni ya watu wa mikopo ya haraka. Watu watatu walisimama kununua, na watatu wote umewaondoa mwenyewe.

Hebu fikiria umeingia dukani Kariakoo, umeshika kiatu, umeuliza bei, na mwenye duka anakwambia, "Njoo chumba cha nyuma nikunong'oneze." Utaingia?

Sababu zenu za kuficha bei nazijua, nimezisikia sana. Mnasema mshindani ataiona. Mshindani akiitaka bei yako atamtuma shemeji yake aulize, ataipata kabla chai haijapoa. Mnasema mteja akija DM utapata nafasi ya kumbembeleza. Wapo wanaobembelezeka, sikatai. Ila anayekimbia ni yule mwenye 25,000 yake mkononi, ambaye anaona haya kuuliza, aambiwe 40,000, halafu aseme hana. Huyo haji DM. Anapita kimya, na hutajua kama alipita. Sababu ya tatu hamuisemi, nitawasemea: mnataka kwanza muone picha ya mteja ndipo mpange bei. Siku hizi watu wanatumiana picha za skrini, mama. Dada wa Capri Point akigundua kauziwa 50,000 kitu ambacho jirani yake wa Igoma kakipata kwa 35,000, umewapoteza wote wawili na shoga zao.

Ule mkoba ningeuandika hivi: "Mkoba wa ngozi, kahawia, upana inchi 11, mkanda unarefuka. Mfuko wa ndani una doa dogo la wino. 35,000. Tupo Makoroboi, Mwanza. Mikoani tunatuma kwa basi, gharama ya kusafirisha ni ya mteja. WhatsApp ipo juu kwenye wasifu." Basi. Hilo doa usilifiche. Anayenunua mtumba anajua ni mtumba. Ukimwonyesha doa dogo ataamini uliposema zipu ni nzima.

Shangazi, natengeneza keki Arusha. Nililipia tangazo Instagram 60,000 kwa siku kumi. Like zilikuja mamia, wafuasi wakaongezeka, lakini oda nilipata mbili, na wa tatu aliyeuliza alikuwa Mtwara. Haya matangazo ni wizi? – Mama Keki, Arusha

Si wizi. Ulichoagiza ndicho ulichopewa. Angalia picha ya skrini uliyonitumia: lengo ulilochagua ni kutembelewa wasifu, eneo ni Tanzania nzima, umri 18 hadi 65. Basi wamekutembelea, tena kutoka Tanzania nzima. Sasa keki ya ngazi tatu yenye krimu ipande basi Arusha, ishuke Mtwara? Itafika uji.

Kwenye kuchagua eneo, mtandao unakuruhusu kuweka alama mahali ulipo na kuchora duara la kilomita kadhaa kuzunguka. Wewe uko Sakina. Duara likifika Njiro, Sombetini na Usa River linakutosha, maana huko ndiko boda anakoweza kufika na keki ikiwa na sura yake. Lengo badilisha liwe ujumbe, mtu akibonyeza atue WhatsApp kwako moja kwa moja. Utaona like zimepungua. Ziache zipungue, huwezi kwenda nazo dukani kununua mayai.

Jambo la pili ni posti yenyewe. Ulilipia picha ya keki ya dhahabu yenye maua, nzuri kweli, lakini mtu anayepanga kipaimara cha mwanawe ana maswali yake: kilo ngapi zinatosha watu 50, kilo moja shilingi ngapi, niagize siku ngapi kabla, advansi ni kiasi gani. Hakuna hata moja ulilojibu. Wakati mle ndani una posti ya zamani, keki ya kawaida ya kilo mbili, umeandika bei na idadi ya vipande, na watu waliokomenti bila wewe kutoa hata senti ni wengi kuliko wa hii ya dhahabu. Hiyo ndiyo ya kulipia. Posti inayojiuza bure ikiongezewa pesa inakwenda mbali. Iliyolala inabaki imelala na pesa yako juu.

Anza na 5,000 kwa siku, siku tatu au nne, msimu wa vipaimara na send-off unapokaribia. Halafu kaa chini uhesabu oda.

Nimlipe mchekeshaji 500,000 anitangazie nguo za watoto? – Baba Pacha, Mbagala

Kabla hujatoa hata shilingi, mwombe picha ya skrini ya takwimu za ukurasa wake, pale panapoonyesha wafuasi wako miji gani na wana umri gani. Akikataa kukuonyesha, mwache. Akikuonyesha ukakuta wengi ni vijana wa kiume wa miaka 18 hadi 24, jiulize hizo nguo za watoto atamuuzia nani. Hiyo laki tano ni marobota ya nguo, baba.

Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa Morogoro, nauza sabuni za maji na dawa za kusafisha vyoo. Mtoto wangu alinitengenezea grupu la WhatsApp, tukaingiza namba zote zilizokuwa kwenye simu yangu: kanisani, kikoba, wazazi wa shule. Siku hiyohiyo nusu wakatoka, na mmoja akanitukana. Nilikosea wapi? – Mama Sabuni, Morogoro

Marahaba mama mwenzangu. Aliyekutukana hana adabu, lakini hasira yake naielewa. Namba alikupa kwa ajili ya kikoba, wewe umeipeleka chooni. Sheria nayo ipo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zitumike kumtangazia biashara. Na watu wakikuripoti kwa wingi, WhatsApp wanaweza kuifungia namba yako, hapo utapoteza na wale waliokuwa wananunua.

Lifute hilo grupu. Pakua WhatsApp Business, ni bure, na inakubali namba yako ileile. Ndani yake kuna katalogi: weka sabuni zako zote, lita moja, lita tano, dumu la 20, kila moja na bei yake. Kuna lebo, kwa hiyo aliyenunua unamwekea lebo, anayedaiwa unamwekea nyingine, na jioni hukuni kichwa.

Kutangaza, tumia status. Anayetaka ataangalia, asiyetaka atapita, hakuna aliyeburutwa. Ukiwa na wateja wa kudumu watengenezee orodha ya matangazo, ambayo kila mmoja anapokea ujumbe kama umemwandikia yeye peke yake. Inabeba hadi watu 256. Lakini kuna kitu wengi hawakijui, wanabaki wakilalamika kwamba ujumbe haufiki: orodha hiyo inawafikia wale tu waliohifadhi namba yako kwenye simu zao. Kwa hiyo kila ukimuuzia mtu, mwambie palepale, "Nisevu, Mama Sabuni, nikileta ya limau nikutaarifu." Akikusevu amekuruhusu. Hao 40 waliokusevu wenyewe ni bora kuliko hao 300 ulioingiza kwa nguvu.

Halafu mama, nunua daftari. Andika jina, namba, alichonunua na tarehe. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita, na kuna wafanyabiashara walioshinda wameshika simu bila kujua hata namba ya mteja mmoja. Ukurasa pia unaweza kuibwa. Yakitokea hayo, mwenye daftari anapiga simu ya kawaida na mzigo unaondoka.

Asalaam alaykum shangazi. Nauza mabaibui na madera Unguja. Tajiri wangu wa Dubai ananitumia picha, mimi naziweka. Mzigo ukifika wateja wanasema sicho walichokiona. Wawili wamenidai pesa zao. – Bi Mabaibui, Mjini Magharibi

Waalaykum salaam. Na pesa zao warudishie mwanangu, wote wawili, leo.

Hizo picha nimeziona. Mwanamke mrefu mwembamba amesimama jangwani, upepo unapeperusha baibui, taa imepigwa hadi weusi unang'aa. Picha hiyohiyo nimeikuta kwenye kurasa nyingine tatu, mmoja anauza 45,000 na mwingine 120,000. Mteja akiiona kwako atajuaje kama wewe unalo la 45,000 au la 120,000, au huna lolote? Na wanawake wetu wa Unguja wana maungo yao, hawafanani na yule wa jangwani.

Subiri mzigo ufike. Toa baibui moja, litundike mlangoni karibu na dirisha asubuhi, jua likiwa halijawa kali, zima taa ya umeme maana inafanya cheusi kionekane kahawia. Piga picha nne: zima kwa mbele, kwa nyuma, mkono ukionyesha nakshi, na ya nne weka tepu ya fundi juu yake watu wasome urefu kwa inchi. 54, 56, 58, wanunuzi wa mabaibui wanazijua hizo namba kuliko wewe. Kisha video fupi, ukilikunja kitambaa mkononi waone kama ni kizito au chepesi, kama kinapitisha mwanga. Hiyo video ya mkono wako itauza kuliko jangwa lote la Arabuni.

Kama ni lazima uchukue oda kabla mzigo haujafika, andika wazi: "Picha ni ya muuzaji wa Dubai, mzigo utafika baada ya wiki mbili, advansi nusu, ukifika ukiona sicho pesa yako inarudi." Na irudi kweli.

Salaam shangazi. Nauza biriani Mombasa, oda za Ijumaa. Mteja mmoja ameandika kwenye ukurasa kwamba chakula kilifika baridi na nyama vipande viwili. Nikafuta. Akaandika tena, nikamblock. Nimefanya sawa? – Biriani, Likoni

Hapana. Mfungulie. Kisha uandike hadharani, mahali wote wataona: "Pole ndugu, Ijumaa ile tulichelewa kivukoni. Ijumaa hii nakuletea sahani nyingine, juu yangu." Watu wanaosoma hawatafuti mpishi ambaye hajawahi kuchelewa ferini, hayupo Likoni nzima. Wanataka kujua wao wakifikwa na hilo utawafanyaje. Kuhusu nyama viwili, sina la kukutetea. Ongeza.

Shangazi, nauza losheni za kung'arisha. Nikiweka picha za "kabla na baada" zinatoka sana, lakini ukurasa umefungwa mara mbili. Nifanyeje wasinifungie? – Mrembo, Dar es Salaam

Mimi sitakufundisha njia ya kuwakwepa. Hizo picha za "kabla na baada" ulizonitumia nimezikuza, na huyo wa kushoto na wa kulia masikio yao si ya mtu mmoja. Kwenye kopo hakuna orodha ya viambato. Tangu 2019 vipodozi nchini kwetu vinasimamiwa na TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi, ni marufuku kwenye vipodozi. Zebaki inapenya kwenye ngozi na kuharibu figo. Kama losheni yako imesajiliwa, weka picha ya kopo upande wenye viambato na uache kuahidi weupe kwa siku saba. Kama haijasajiliwa, iondoe sokoni. Na wateja ambao picha zao uliweka bila kuwauliza, zifute kwanza, kisha uwaombe radhi.

Mimi si muuzaji, shangazi, ni mnunuzi. Niliona gauni la njano kwenye ukurasa mmoja wa Dar, nikauliza kama ipo saizi 14 na kama wanatuma Dodoma. Hiyo ilikuwa Jumatatu saa tatu usiku. Jibu limekuja Jumatano: "Soma bio." Nikasoma hayo maelezo ya juu ya ukurasa, hakuna saizi wala Dodoma. Nikiuliza tena wananiambia nitume pesa kwenye namba ya simu yenye jina la mtu mwingine kabisa. Ni mimi ndiye msumbufu? – Mnunuzi, Dodoma

Wewe si msumbufu, na barua yako nimeifurahia maana wauzaji wanaisoma.

Jamani, saa tatu usiku ndio muda wa kununua. Mtu ametoka kazini, amelisha watoto, amejilaza na bando lake. Kama saa hizo umelala, WhatsApp Business ina ujumbe wa kujiendesha wenyewe, andika, "Tumefunga, tunajibu kuanzia saa mbili asubuhi. Mikoani tunatuma kila siku kwa basi." Mteja atalala akijua. Na kuna majibu ya haraka, unaandika mara moja orodha ya saizi na vituo vya kutuma, halafu kila anayeuliza unambandikia. Anayejibu "soma bio" amepata nguvu ya kuandika maneno mawili, angeandika "saizi 14 ipo".

Kuhusu pesa: chukueni lipa namba yenye jina la biashara, na jina hilo lifanane na la ukurasa. Ukurasa unaitwa hivi, akibonyeza kulipa linatokea jina la mwanaume asiyemjua, yeyote mwenye akili atasita. Mzigo ukishapokelewa stendi ya Mbezi, piga picha ya risiti ya basi pamoja na namba ya gari, mtumie mteja palepale. Kwa mteja wa mkoani ile risiti ndiyo mkono wako.

Na wewe wa Dodoma, usitume hela kwa jina usilolijua hata kama gauni limekuroga. Mwambie muuzaji alipeleke kwanza kwa mtu wako aliyeko Dar, mtu wako alione, alipe palepale. Akikubali, lipo. Akianza hadithi za gari limeharibika na mzigo uko Tunduma, mwache na njano yake.

Mwezi ujao nitajibu barua za kukopeshana: ndugu wanaochukua bidhaa "nitakulipa mwisho wa mwezi". Zimeshaanza kuingia, na kuna moja ya mama mkwe ambayo bado naitafakari.